Siku Niliyozima Boila

Mwanangu Mejumaa,

Shikamoo yako nitaipokea jioni utakaporudi kutoka Tiwi kumuaga bibi yako, na dua yangu utaipata kesho alfajiri pale mlangoni, kwa hivyo hapa naziruka zote mbili niingie ndani moja kwa moja. Nimekaa kwenye meza ya jikoni. Nyumba imetulia. Baba yako yuko Kona ya Musa anakutafutia sanduku lenye magurudumu, maana amesema binti yake hawezi kuingia Eldoret na begi la mkononi kama mtu aliyetoroka kwao. Nimemwambia hayo magurudumu yatavunjika kabla hujafika Voi. Hakunisikia, na mimi sikuwa na hamu ya kubishana, kwa sababu tangu barua yako ya kazi ilipofika nina furaha ya kijinga ambayo hainiachi. Nikifagia nacheka peke yangu. Nikichuja tui nacheka.

Binti yangu ni fundi wa vipimo! Niache niiandike angalau mara moja kwa mkono wangu, maana kuisema nimeshaisema mpaka jirani ameanza kupitia njia ya nyuma. Kiwanda kizima cha maziwa, matangi na mabomba yake, na kila sensa, yaani kihisi cha joto, iliyochomekwa humo, kitakuwa kinamtegemea mtoto wangu mimi, mkunja mashuka wa zamani. Mwenye wivu na anywe maji.

Sitakuambia ule vizuri, wala uvae sweta, wala uchague marafiki. Hayo bibi yako atayamaliza leo, na baba yako atayarudia kesho njia nzima hadi Mombasa. Mimi nina jambo moja, na linahusu kazi. Siku moja mtambo utajizima wenyewe kwa sababu umepata joto kupita kiasi. Watu watakuwa wanasubiri, wamekasirika. Na mtu unayemheshimu, mwenye uwezo wa kukufukuza, atataka uiruke ile swichi iliyouzima ili kazi iendelee. Nataka siku hiyo ujue kwamba mamako alishasimama hapo hapo. Ulikuwa kidato cha tatu wakati ule, na nilikusimulia nusu tu, ile nusu ya kuchekesha. Leo nakupa yote.

Unajua nilivyoanza. Nilikuwa nakunja mashuka kwenye dobi ya hoteli, na chumba cha boila kilikuwa upande wa pili wa ukuta. Mlango wao ulikuwa wazi kila wakati kwa sababu ya joto, na mimi sikuweza kupita bila kuchungulia. Nikauliza maswali mpaka wakachoka, nikaenda chuo cha ufundi, nikafanya mitihani ya gredi, nikarudi kama msaidizi. Bibi yako aliposikia alishika kiuno. "Moto wa jikoni haukutoshi, mpaka ukautafute wa hotelini?" Yeye na moto hawakuwahi kupatana tangu jikoni kwao kulipoungua akiwa msichana, kwa hivyo nilimwacha aseme. Msimamizi wa boila alipostaafu, nikapewa chumba kile, kwa majaribio ya miezi sita. Hakuna mwanamke aliyewahi kukishika. Nilitembea na funguo kiunoni nikizichezesha makusudi ili zilie, na dobi nzima ikaniita Bi Kengele. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyowahi kukiri.

Boila ile haikuwa ya mvuke. Ilikuwa ya kupasha maji ya vyumba, ya jikoni na ya dobi, kwa moto wa dizeli. Wewe haya unayajua kunishinda, lakini nivumilie, mama yako akisimulia hutaka kupanga vyombo vyake kwanza. Joto la maji lilikuwa na walinzi wawili. Wa kwanza ni thamostati. Ina balbu ndogo ya shaba iliyojaa kimiminiko, na mrija mwembamba unaotoka kwenye balbu hadi kwenye swichi. Maji yakipata joto, kimiminiko hutanuka, husukuma kupitia mrija, na swichi huachana, kichomeo kikazima. Maji yakipoa kidogo, swichi hukutana tena na moto huwaka. Tuliiweka izime kwenye digrii themanini na kuwasha maji yakishuka hadi sabini na mbili. Hiyo nafasi ya katikati usiibane kamwe kwa kutaka sifa ya usahihi. Ukiibana, moto utawaka na kuzima bila kupumzika, na swichi itaungua ndani ya msimu mmoja.

Mlinzi wa pili ni swichi ya ukomo, ambayo sisi tunaiita limiti. Hiyo ina balbu yake yenyewe na waya wake yenyewe, haishirikiani na thamostati hata kidogo, ili mmoja akikosea mwenzake asikosee naye. Yetu iliwekwa tisini na tano. Maji yakifika hapo inakata moto, na tofauti na thamostati, hairudi yenyewe hata maji yapoe yawe ya kisima. Mpaka mtu aende kwa miguu yake, abonyeze kitufe chekundu. Aliyeitengeneza alitaka mtu aende kuona kuna nini, na mimi kwa miaka mingi nilidhani alitaka tu kutuchosha.

Sasa, balbu hizo haziguswi na maji. Kila moja hukaa ndani ya poketi, yaani bomba fupi la chuma lililozibwa upande mmoja na kufungwa kwenye mwili wa boila, ili uweze kuitoa balbu bila kumwaga maji. Lakini kati ya balbu na chuma kuna hewa, na hewa huchelewesha joto. Ndiyo maana poketi hujazwa grisi maalumu ya kupitisha joto. Na hapa, mwanangu, ndipo Bi Kengele alipojitia ujanja.

Grisi iliisha. Stoo hawakuwa nayo, na mimi nilikuwa nabadilisha balbu ya thamostati na nilitaka kumaliza. Nikakumbuka nina chupa ya mafuta ya nazi kwenye mkoba, niliyoyapika mwenyewe nyumbani. Niambie, sisi watu wa huku ni kitu gani hatukipaki mafuta ya nazi? Tunapaka nywele, tunapaka mtoto mchanga, tunapaka bawaba ya mlango na goti la bibi. Nikamimina kwenye poketi, nikachomeka balbu, nikawasha. Ilifanya kazi vizuri ajabu. Thamostati iliitikia upesi kuliko zamani, na chumba kikanukia kama nyumba yenye harusi. Nilijipa hongera mwenyewe, kwa sauti.

Miezi ikapita. Ikaja Desemba, hoteli imejaa hadi vyumba vya pembeni, na jioni hiyo kulikuwa na harusi bustanini. Asubuhi boila ikazima. Taa nyekundu ya limiti. Nikabonyeza kitufe, ikawaka, nikarudi kwenye chai yangu. Kabla chai haijapoa ikazima tena. Nikaangalia kioo cha thamostati kinachoonyesha joto la maji, nikaona sabini na nane. Limiti ya tisini na tano inakataje kwenye sabini na nane? Jibu lilionekana wazi. Limiti imeharibika.

Mutiso, fundi umeme wetu kutoka Machakos, aliyewaita akina mama wote mathe, alifika na kisanduku chake. Unamkumbuka, yule aliyekuletea embe za kwao. Akaangalia mara moja tu. "Mathe, hii limiti imechoka. Wacha tupige jampa, wageni waoge, kesho tuagize ingine."

Jampa ni kipande cha waya tu. Unaunganisha ncha mbili za swichi, umeme unapita kana kwamba swichi haipo. Ni kazi ya dakika moja, na ndiyo maana ni hatari.

Nikamwambia asubiri. Meneja akaingia, shati limemlowa. Hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. "Mama Mejumaa, dobi imesimama. Jamaa za bwana harusi wameshafika, wanataka kuoga. Tafadhali, nifanyie chochote."

Neno lilikuwa hilo, chochote. Wakubwa hawatakutamkia jambo lenyewe, na wengi wao hata hawalijui. Wao hawajui jampa ni nini. Wanajua tu wewe una njia, na wanakuomba uitumie bila kuwaeleza. Likiharibika, hakuna aliyekutuma. Nilisimama pale nikaona kabisa jinsi lilivyokaa, na bado nikasema, "Sawa, bosi, nipe dakika chache."

Nilikata waya. Nikamenya ncha zote mbili kwa koleo. Nikafungua kifuniko cha limiti. Sikusimulii hili ili nionekane nilijipinga kishujaa, maana sikujipinga. Nilikuwa nafikiria majaribio yangu yaliyobaki mwezi mmoja, nafikiria wanaume wa karakana walioweka dau kwamba sitamaliza, nafikiria kurudi nyumbani nikiwa na ovaroli kwenye mfuko wa plastiki na bibi yako amekaa barazani. Mkono ulikuwa tayari.

Kilichonizuia ni udadisi. Nilijiuliza, vipimo viwili vinabishana, kimoja kinasema simama na kingine kinasema endelea. Mbona sisi watatu tumekiamini cha pili papo hapo, bila hata mmoja wetu kuuliza? Nikaona aibu kidogo. Tumekiamini kwa sababu tunakipenda. Basi nikatafuta shahidi wa tatu. Kwenye bomba la maji yanayotoka kulikuwa na geji ya zamani ya mshale, na kioo chake kilikuwa kimeingia ukungu wa chumvi ya bahari, hakuna aliyekifuta sijui tangu lini. Nikachukua kitambaa, nikakisugua kwa mate. Mshale ulikuwa kwenye tisini na nane.

Nikasugua tena, nikidhani ni macho. Tisini na nane. Ndipo nikasikia pia kile ambacho masikio yangu yalikuwa yamekikataa asubuhi yote, boila inanguruma chini chini tumboni. Limiti haikuwa mgonjwa. Chumba kizima yeye peke yake ndiye aliyekuwa anasema kweli, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na waya mkononi wa kumziba mdomo.

Nilirudisha kifuniko. Nikazima swichi kuu ya umeme, nikaipiga kufuli langu, ufunguo nikautia kifuani. Nikamwambia meneja, "Boila haiwaki mpaka nijue kwa nini."

"Umeniambia dakika chache."

"Nilikosea, bosi."

"Unakumbuka uko kwenye majaribio?"

"Nakumbuka."

Akaniangalia, akatoka, akaufunga mlango ambao haujawahi kufungwa. Mutiso akarudisha koleo kisandukuni. Mimi nikaenda nyuma ya tangi la dizeli nikalia, upesi upesi, machozi ya woga na hasira. Kisha nikafanya kosa la kumpigia bibi yako simu. Nilimweleza kwamba nimezima boila na huenda leo nikafukuzwa. Nilitaka aniambie neno lolote la kunishika mkono. Akasema, "Si nilikuambia?"

Hiyo ndiyo nusu ambayo sikuwahi kukusimulia. Usimkasirikie. Aliogopa, na mtu mzima akiogopa hutoa neno lililo karibu. Siku hizi ukifika Tiwi unamsikia anavyosifu mafundi wa kike, utadhani alinizaa kwa kazi hiyo. Lakini siku ile nilirudisha simu mfukoni nikijua kwamba nikitoka getini jioni sina kazi, basi hata nyumbani nitaingia kama mtu aliyeshindwa. Nikasimama hivyo hivyo. Nilingoja boila ipoe, maana balbu haitolewi kwenye mtambo unaonguruma, na poketi yenyewe hailegezwi kabisa kukiwa na maji ya moto nyuma yake. Hata nikiwa na machozi, utaratibu niliufuata, na hilo najisifia mpaka leo.

Ilipopoa nikavuta balbu ya thamostati. Ilitoka kwa shida. Mutiso akainamisha pua, akanusa, akanitazama. "Mathe, kwani hii boila mlikuwa mnaipikia wali wa nazi?"

Ukoko, mwanangu! Ukoko mweusi, mgumu, kama wa chini ya sufuria. Mafuta ya kupika nyumbani hubaki na tui ndani yake, hata uyachuje vipi. Poketi ile imelala, kwa hivyo mafuta yalikuwa yamevuja pole pole, na mabaki ya nazi yakaungua yakaganda mle ndani. Nilipofanya usafi jana yake jioni nilitoa balbu na kuirudisha, nayo ikagonga ukoko ikaishia katikati. Nusu ilikuwa ndani ya boila, nusu inapunga hewa ya chumbani. Ndiyo maana iliona sabini na nane huku maji yakikaribia kuchemka, na moto ukaendelea kuwaka kwa imani njema. Lau ningefunga ule waya, pasingekuwa na kitu cha kuuzima. Ingebaki vali ya usalama peke yake, na vali ile ilikuwa haijajaribiwa tangu mimi nishike funguo; ingegoma, boila ingepasuka.

Nilikaa chini sakafuni. Upande wa pili wa ukuta nilisikia wanawake wa dobi. Kwa kuwa mashine zimesimama walikuwa wameketi wanaimba nyimbo za harusi, wanataniana, wale wale niliokunja nao mashuka miaka yote ile.

Meneja aliporudi nilikuwa na njia rahisi ya kusema kifaa kimeharibika. Angeamini. Nikamwonyesha balbu. "Hii ni kazi ya mkono wangu. Niliweka mafuta ya nazi palipotakiwa grisi, na geji ya bomba sikuifuta. Limiti haina kosa."

Akaishika, akainusa, uso ukakaa kama anataka kucheka na hajui kama inafaa. Akauliza, "Na ule waya uliotaka kuufunga?"

Nilimwonyesha ukuta. Tukasimama tunasikiliza nyimbo zile, na nikaona rangi inamtoka pole pole. Akatoa simu, akapiga mapokezi, akawaambia wageni waelezwe kwamba maji ya moto yatapatikana jioni na yeye mwenyewe ataomba radhi. Kisha akaniambia, "Chukua muda wako, mama." Akaacha mlango wazi.

Tulisugua poketi kwa brashi ya chupa na sabuni mpaka ikang'aa. Mutiso alikimbia hoteli ya jirani, tukapewa grisi yenyewe kwa kuomba tu. Balbu nikaisukuma hadi nikahisi imegota mwisho, nikaifunga na kibano chake isirudi nyuma. Nikawasha nikiwa nimesimama pale pale. Halafu nikafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Niliipandisha thamostati makusudi, jicho langu kwenye geji ya bomba, nione limiti itakata wapi. Ilikata tisini na tano, tak! Sijawahi kusikia mlio mtamu kama ule. Nikabonyeza kitufe, nikarudisha thamostati themanini, na kabla ya Maghrib maji yalikuwa yanapita. Mashine za dobi zikaanza kunguruma na wanawake wakagonga ukuta kwa viganja, puu puu puu, na mimi nikawagongea upande wangu. Nilicheka mpaka Mutiso akanishika bega. Bwana harusi akaoga.

Sikufukuzwa. Majaribio yalipokwisha nikathibitishwa, na waliopoteza dau walinilisha mahamri wiki nzima. Kifuniko cha limiti kikapata kufuli, vali ya usalama ikapata siku yake ya kujaribiwa, na geji ile ya zamani ikawa inafutwa kila asubuhi kama kioo cha kujitazamia.

Na wewe ukawa umesikia nusu ya kuchekesha, ukaipenda, ukaenda kusomea vipimo. Sijui kama ni hadithi yangu iliyokusukuma, lakini naichukua sifa hiyo na simpi mtu. Unakumbuka likizo ile uliyorudi na sensa ya platini? Ulinunua barafu kwa muuza samaki, ukaiponda kwenye sufuria yangu nzuri, baba yako akilalamika anataka chai. Ukachomeka sensa na mita yako, ukaniita. "Mama, soma." Nikasoma omu mia moja, yaani kiasi cha waya kuupinga umeme. Ukaihamishia kwenye maji yanayochemka, nikasoma mia thelathini na nane na kitu. Ukanieleza kwamba waya wa platini joto likipanda nao huzidi kuupinga umeme, kila digrii kwa kiasi kile kile karibu, ndiyo maana unaaminika. Ukanieleza na ile aina nyingine, nyaya mbili za metali tofauti zilizoungwa ncha, zinazozaa umeme kidogo zikipata joto, na kwamba ukizipindua kipimo kitashuka wakati moto unapanda. Ukanionyesha kwamba chumvi yetu ya Diani ikila maungio ya waya, sensa ya platini husoma joto ambalo halipo. Nilikuwa nimeshika mwiko. Nilisahau kabisa chakula, kikaungua, na sikujali. Nilikuwa namwangalia fundi kuliko mimi, amevaa leso yangu.

Basi fundi kuliko mimi, chukua moja ambalo huenda chuoni Mombasa hawakulitilia mkazo kwa kuwa wako usawa wa bahari. Utakapojaribu sensa zako Eldoret, barafu itakuwa ile ile. Lakini maji huko juu yatachemka mapema, yapata tisini na tatu. Usije ukaishtaki sensa nzuri kwa kosa la mlima.

Na huko utakakokuwa kinachopashwa ni maziwa. Maziwa yasiyofika joto lake la kuua vijidudu hugeuzwa yarudi nyuma yapashwe upya, na kinachoyageuza ni sensa, ambayo itakuwa chini yako. Mtoto atakayeyanywa hutamwona, si kama mimi niliyewasikia watu wangu wakiimba. Ndiyo maana kwako ni vigumu zaidi. Jaribu kila swichi ukiwa umesimama hapo, mtambo ukiwa mzima na watu hawajakasirika. Waya wako ukikatika uhakikishe mtambo unazima, usiendelee kuwaka eti hakuna aliyesema simama. Weka kufuli lako na ufunguo wako mwenyewe. Na vipimo vikibishana, mtafute wa tatu.

Haya mengine yote utayafanya, nakujua. Ninachokiogopa ni kile kitambo kidogo, kifuniko kiko wazi, bosi amesimama nyuma yako, na wewe unafikiria nyumbani. Unafikiria majirani niliowasumbua kwa majigambo, sanduku la baba yako, jinsi tutakavyojisikia ukirudi bila kazi. Mwanangu, usifikirie hayo. Nakuandikia haya leo ili neno langu likutangulie, usilazimike kupiga simu kulitafuta.

Zima. Wakikushukuru, nipigie tucheke. Wakikufukuza, panda basi siku hiyo hiyo, usijifiche kwa mtu, usiingie Ukunda usiku kwa aibu. Njoo mchana. Nitakuwa nimesimama stendi na kanga yangu mpya, na utakaposhuka nitapiga vigelegele mpaka watu wote waulize ni bibi harusi gani amefika.

Mamako